Boke na Masikio ya Kuchaji

Kila jioni, kuku wakishaingia bandani, Boke Wangwe huyavua masikio yake. Anaanza la kushoto, anamalizia la kulia. Anayapangusa kwa pindo la kanga, taratibu, kama anampangusa mtoto kamasi, anayalaza kwenye kikasha chao na kusubiri taa mbili za kijani ziwake. Zikiwaka anasema, "Haya, laleni." Kisha anakifunga kikasha kwenye kitambaa na kukipandisha kichanjani, juu ya mafiga.

Kichanjani ndiko kulikokaa mahindi ya mbegu, na ulezi wa kupanda mwakani, na kibuyu cha maziwa alichoachiwa na mama yake. Kwa Mkurya wa Genkuru kitu cha maana hakifungiwi sandukuni kikaliwa na panya. Kinapewa moshi. Moshi unafukuza fukusi, unafukuza mchwa, unafukuza hata mwizi, maana mwizi naye hapendi kulia machozi gizani. Waliompa Boke yale masikio walimwambia asiyaloweshe, asilale nayo, na mbwa wasiyatafune. Habari ya moshi hawakuigusa. Watu wanaopikia gesi watajuaje?

Masikio yake ya kuzaliwa yaliliwa na karasha. Ujana wake wote aliumaliza Nyangoto, akiilisha mawe ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mashine ikamlipa kwa mikono miwili: mkono mmoja ukampa ng'ombe, mkono wa pili ukamziba masikio. Mumewe alikufa mapema, mtoto hakuacha. Basi Boke akafanya kama walivyofanya wanawake wa kwao tangu zamani, akaoa. Ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke. Ng'ombe wa karasha wakaenda kwa kina Winfrida, Winfrida akaja kuwa mke wa nyumba ya Boke. Azae na mwanaume anayemtaka, hilo halina ugomvi, lakini mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Akazaliwa Joel. Aliyemzaa ni Heche, mwanaume mwenye mabega na maneno mengi, ambaye kwake amejaliwa mabinti watupu.

Miaka ile ya uziwi, boma zima lilizoea kumsema Boke mbele ya macho yake. Winfrida alikuwa akimwekea uji, anatabasamu meno yote nje, anasema, "Kunywa, gogo. Kunywa upesi ufe." Boke anaitikia kwa kichwa, anashukuru. Watu waliokuwepo wanabana mbavu. Ulikuwa mchezo wa bure, hauna gharama.

Kisha mwaka juzi kliniki moja ya masikio mjini Tarime ikampa vile vifaa, na siku aliyorudi navyo boma likapigwa na ganzi. Sauti ya Winfrida ikageuka asali kwa siku moja. "Mama, umeamkaje? Mama, maji ya kuoga yako tayari." Heche akawa anakohoa kwanza kabla ya kuingia. Na Joel, ambaye Boke hakuwahi kuijua sauti yake, alipomwita "Bibi" kwa mara ya kwanza ikasikika, yule mama alikaa chini pale pale kwenye majivu.

Ila kupitia masikio hayo hayo akaja kusikia jambo la pili. Heche anamtaka mtoto. Anataka na boma. Alikuwa amekwenda kwa Mzee Gidion, mkubwa wa ukoo, kuomba kikao kiitwe ulezi ukishavunwa. Kwa desturi yao mwenye nyumba ntobhu hasemewi na mtu. Wazee watamuuliza mara tatu, naye atajibu mara tatu kwa kinywa chake. Akikataa, Heche anarudi kwake mikono mitupu. Akinyamaza, amekubali.

"Sitanyamaza," Boke alimwambia Gidion siku hiyo. "Ninayo masikio sasa."

Mvua za masika zilipokatika, masikio yakaanza kuugua. Asubuhi moja taa ya kushoto ikawaka nyekundu. Siku zilizofuata la kushoto likawa linazima kabla ya chai, kisha la kulia nalo likaiga. Boke akadhani ni waya; akaazima waya mwingine. Akadhani ni sola. Akapeleka kikasha dukani kwa jirani. Akakipulizia, akakipigapiga kiganjani, akakiombea. Mwisho taa zote zikazima, na ukimya ule wa zamani ukarudi kukaa mahali pake kama mwenye nyumba.

Winfrida aliliona mapema. Kesho yake tu, akiweka uji, tabasamu lilirudi, midomo ikacheza. Boke hakusikia neno. Ila alimtazama Joel, akaona mtoto ameinamisha uso ndani ya bakuli. Akajua gogo limerudi.

Akafunga kikasha kwenye kanga akashuka Nyangoto kwa Obonyo, fundi simu. Kibandani palikuwa na vijana wanangoja simu zao.

"Shikamoo mama," Obonyo alisema. Kimya. Akapiga meza kwa kiganja, akarudia kwa sauti ya mnadani. "SHIKAMOO!"

"Marahaba. Usinipigie meza, mimi si mlevi."

Obonyo akachomeka waya wake. Taa ya kikasha ikawaka. Kwa hiyo kikasha kinapokea umeme, waya hauna kosa. Akayalaza masikio ndani: moja likapepesa nyekundu, la pili kimya. Akainua kikasha puani, akanusa. Akanusa tena. Akamulika na tochi. Ndani, kwenye vitanda vya masikio, vile vichuma vidogo vya shaba vinavyopitisha chaji vilikuwa vyeusi, vimepakwa kitu kama lami.

"Mama! Usiku unavilaza wapi?" Alipiga kelele hadi mshipa wa shingo ukatoka.

"Kichanjani."

"Kichanja cha vyombo?"

"Cha juu ya moto. Wewe mbegu zako unalaza wapi, kwenye friji?"

Obonyo alishika kiuno. "Jamani njooni muone! Sisi kwetu Shirati tunakausha samaki. Wakurya wameanza kukausha masikio!"

"Yakikauka vizuri yanaungwa na nini?" kijana mmoja akauliza.

"Karanga," akajibu mwingine, na kibanda kikaanguka kwa vicheko.

Boke hakuyapata maneno. Lakini meno ya watu wanaocheka hayahitaji kusikilizwa. Akakaa, mikono mapajani, akangoja wamalize.

Obonyo alifuta vichuma kwa pamba na spiriti, akakwangua ile lami kwa kijiti, akafuta tena mpaka shaba ikarudi. Akayalaza upya. La kulia likawaka kijani. La kushoto likabaki na wekundu wake, kisha likafa. Alipolivika lile la kulia sikioni kwa Boke, jenereta, muziki wa jirani na pikipiki za barabarani vilimwangukia kwa pamoja.

"Sasa nisikilize," Obonyo alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Uchafu nimetoa. Lakini betri ya ndani umeipika, mama. Joto la kila siku. La kushoto usilihangaikie. La kulia litakupa kama saa moja kwa siku, halafu linazima. Siwezi kulifungua, limezibwa, nikilipasua nimeliua. Warudie waliokupa wakubadilishie. Na huko juu ushushe."

"Nimeshusha."

Akapiga simu kliniki kwa simu yake mwenyewe, akawaachia namba ya Boke. Wakasema mapya yakifika watampigia.

Nyumbani Boke hakumwambia mtu kwamba moja linasikia. Aliitunza ile saa kama watu wanavyotunza chumvi. Analivaa chini ya kilemba, anasikiliza kidogo, analivua. Hivyo ndivyo alivyokuja kukisikia kifo chake.

Ilikuwa asubuhi. Boke anapepeta ulezi uani, Winfrida anapukuchua mahindi, Heche amekalia kigoda anakunywa chai kama mwenye boma. Simu ya Boke hukaa kwa Winfrida, kwani kiziwi na simu wapi na wapi. Ikaita.

"Haloo. Eeh, ndiyo namba ya Boke Wangwe." Winfrida akatulia, akasikiliza. Kisha sauti yake ikavaa kaniki. "Ooh, sista. Umechelewa mwenzangu. Huyo bibi tumeshamzika."

Chai ikampalia Heche.

"Presha, sista. Ghafla tu. Amina. Amina. Eeh, hayo masikio wapeni wengine, na wao ni watu. Mbarikiwe kwa kazi yenu."

Akakata. Heche alikuwa amejikunja kwenye kigoda, machozi yanamtoka. "Umemzika hata ng'ombe hatujachinja!"

"Maiti yenyewe ile pale, inapepeta."

"Sasa siku ya kikao?"

"Maiti anajibu? Ataulizwa, atakodoa macho. Mara tatu. Kwisha."

Winfrida akageuka, akampungia Boke mkono na kuonyesha simu, akatikisa kichwa: wamekosea namba. Boke akaitikia kwa kichwa. Mikono yake haikuacha kupepeta. Angesema nini? Akisema amesikia, watajua anasikia, na hilo sikio moja halitaiona jioni. Kwanza masikio, halafu ndiyo mdomo. Akawaza hivyo, na lile la kulia likatoa mlio wake wa kuzima, na uani kukawa kimya.

Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kwenda Tarime.

Kliniki alimkuta muuguzi, Vivian. Alipotaja jina, Vivian alimwangalia, akaangalia mlango, akamwangalia tena. Akafungua droo, akatoa vifaa vya kupimia watu, akamvika.

"Unanisikia, bibi?"

"Nakusikia vizuri."

"Boke Wangwe wa Genkuru amefariki."

"Ndiye mimi."

Vivian akashika kichwa. "Nilipiga mwenyewe! Nimepewa habari za msiba, nikatoa na pole!"

"Pole nimeisikia. Masikio yangu yako wapi?"

"Yametoka jana ile ile. Kuna mtoto wa Natta, hajawahi kusikia hata jogoo. Tumeyatengeneza yamfuate yeye."

"Mnyang'a..." Boke alianza. Neno likamshinda kulimalizia. "Haya niliyovaa je?"

"Haya ni ya kupimia. Ona foleni hapo nje."

"Niazime tu hadi Jumamosi. Kuna kikao. Natakiwa nijibu."

"Nikikuazima, kesho nampima nani, bibi yangu? Subiri wafadhili walete mengine."

"Kabla ya Jumamosi?"

Vivian alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama unavyocheka mtoto akikuomba mwezi. "Jumamosi hii? Hapana. Lete hayo ya zamani niyaone."

Akayaweka kiganjani. La kulia akaligeuza upande, akaonyesha tumbo lake: ganda lilikuwa limefutuka na kuachia ufa. "Betri imevimba. Hii inaweza kuwaka ikiwa sikioni. Siruhusiwi kukurudishia."

"Linanipa saa moja. Nitafanya kazi na hiyo saa."

"Siruhusiwi, bibi."

Akalitia kwenye kopo. Halafu akamvua yale ya kupimia, moja baada ya jingine, na dunia ikaegemea upande, kisha ikaondoka yote. Boke aliingia Tarime na nusu ya sikio. Alitoka bila hata hiyo nusu.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Mzee Gidion, akamsalimu, akasimama katikati ya uwanja akamweleza yote: simu, kifo, mtoto wa Natta. Alimweleza kwa sauti iliyowatoa majirani ndani. Gidion akamjibu. Alijibu maneno mengi, ndevu zinapanda zinashuka, na Boke akawa anaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mwanamke aliyelelewa anavyomwitikia mkubwa. Alichokuwa anasema Gidion ni hiki: "Hayo ni maneno mazito juu ya mke wako. Una shahidi? Kama huna, naomba tusiyapeleke kikaoni. Umekubali?" Akaitikia. "Umekubali kabisa?" Akaitikia tena. Gidion akampa mkono na kuingia ndani.

Njiani akapata akili. Alipiga hesabu ya kikao kizima. Wazee watauliza mara tatu kama anamwachia Heche mtoto na boma. Swali analijua, la nini kulisikia? Kazi yake ni kuangalia mdomo wa Gidion ukifunga, kisha aseme hapana. Ukifunga tena, hapana. Ukifunga tena, hapana. Hilo hata gogo linaweza.

Ijumaa alfajiri, watu hawajaamka, alikaa mbele ya mafiga akajizoeza. "Hapana," alinong'ona. "Hapana. Hapana, Mzee. Nakataa." Alinong'ona mpaka moto ukashika, akajisikia vizuri, akateleka maji.

Ila kiziwi haijui sauti yake. Anaponong'ona anatangaza. Zile hapana zilitoka jikoni zikazunguka uani, zikaingia kwa Winfrida kitandani, zikawaamsha mbwa. Heche aliyelala pale akainuka kwa kiwiko.

"Anafanya nini huyo?"

Winfrida akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akaziba mdomo kwa shuka, mabega yakamtetemeka kwa kicheko.

"Anajizoeza," alisema. "Mwache ajizoeze sana."

Jumamosi wazee walikaa uani. Kabla ya shughuli Winfrida alimpelekea Gidion uji wa ulezi, akapiga magoti. "Mzee, mama yetu kichwa kimeanza kuchanganyika. Aliwaambia watu tumemzika. Msimuulize kwa kuzungushazungusha, ataumia. Muulizeni kwa wazi. Mtoto ni wake? Boma ni lake? Basi."

Gidion aliona ni busara. Alikuwa mtu mwema, na watu wema huwa hawaulizi uji umetoka wapi.

Boke aliitwa mbele. Alikuwa amevaa kanga yake mpya, amejipaka mafuta usoni, amesimama wima. Macho yote mawili kayakaza kwenye mdomo wa mzee. Heche upande huu, yeye upande ule, Joel katikati.

"Boke Wangwe," Gidion alisema, akimwonyesha Joel kwa fimbo, "mtoto huyu bado unamdai kuwa wa nyumba yako?"

Mdomo ukafunga.

"Hapana!" Boke alisema.

Wazee wakatazamana. Mmoja akajikuna sikio.

"Na boma hili, unataka kubaki nalo?"

"Hapana!"

Huko nyuma mtu akaguna, mwingine akaanza kukohoa kicheko. Boke aliona vichwa vinatikisika, akadhani hapana zake zinawauma. Akanyoosha shingo zaidi.

"Je, una neno lolote la kumpinga Heche?"

"Hapana!" Hiyo ya tatu aliitoa kwa nguvu zake zote, na kuku wakaruka.

Hapo vicheko vikafunguka. Wanawake walikuwa wanashikana mabega. Heche alikuwa amemkumbatia Joel kwa mkono mmoja, anapunga mwingine kama mtu aliyeshinda kura. Boke alicheka nao kidogo, kwa adabu, akijua wanamcheka Heche. Kisha akamwona Joel. Mtoto hakuwa anacheka. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Kicheko cha Boke kikamkauka mdomoni.

"Mmeniuliza nini?" alisema. Hakuna aliyemtazama. "Mzee Gidion! Mmeniuliza nini?"

Gidion alikuwa ameshasimama na fimbo yake. Kwao jambo lililojibiwa mara tatu halina swali la nne. Boke akamshika mzee mmoja mkono, mzee akajitoa polepole. Akamshika mwingine, naye akatazama pembeni kwa haya.

Aliyemjibu ni Winfrida. Alimsogelea mpaka pua zikakaribiana, na miaka yote ile, siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyoyapanga maneno yake vizuri mdomoni, moja moja, kwa nafasi, ili yasomeke.

"A-san-te, ma-ma. U-me-tu-pa vyo-te."

Akampa na lile tabasamu lake.

Boke alisimama pale kwa muda. Watu walikuwa wameanza kupakuliwa nyama, sahani zinapita kulia kwake na kushoto kwake, mtoto mmoja akamzunguka kama anavyozungukwa mti uliopo njiani. Akajifunga kanga kiunoni. Nyumbani hakuingia. Alipita katikati ya wazee, akapita zizi, akatoka kwenye lango na kushika njia ya chini, kwa mwendo ule ule wa mtu anayekwenda kisimani.

Joel alimchomoka Heche, akafika langoni. "Bibi!" aliita. "Bibi! Bibi rudi!" Alikuwa karibu bado. Mwenye masikio angesikia hata kama anaitwa kwa kunong'onwa.

Heche alifika nyuma yake na mfupa mkononi, akiutafuna, akamwangalia yule mama akishuka.

"Ita tu, mwanangu," alisema. "Ukichoka uje ule."

Mtoto aliita mpaka sauti ikapasuka. Kwenye kona ya katani Boke hakugeuka, kwa kuwa hakujua kuna kitu nyuma cha kugeukia. Kanga ikaonekana kidogo kati ya majani, kisha haikuonekana.

Genkuru hajarudi.